Mtoto asiyehesabiwa haleti mwalimu

Mfanyabiashara anayevuka Namanga, Busia, Malaba au Sirari akiwa na mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani anajua karatasi ya kuomba. Ni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kilichowekwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki ili mwenye magunia machache ya maharage asisumbuliwe kama mwenye makontena. Bidhaa ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa na muhuri ukigongwa, mzigo unapita bila ushuru wa forodha.

Mtoto wa mfanyabiashara huyo huyo hana urahisi huo. Akiwa na umri wa miaka 12 hadi 15 na mzazi akahamishia biashara upande wa pili, karatasi zinazotakiwa shuleni hubadilika, darasa hubadilika jina, na wakati mwingine lugha ya kufundishia nayo hubadilika. Wengi huingia darasani hivyo hivyo, kwa maelewano na mwalimu mkuu, na majina yao hubaki nje ya mfumo wa serikali.

Hapo ndipo tatizo la mtoto mmoja linapogeuka kuwa la shule nzima. Fedha na walimu wa shule ya umma hupangwa kwa hesabu ya wanafunzi walioandikishwa. Anayekaa kwenye dawati bila kuwa kwenye hesabu anakula muda wa mwalimu aliyepo, lakini haisaidii shule kuomba mwalimu mwingine. Wafanyabiashara wanao msemo wao kwa jambo hili: mali bila daftari hupotea bila habari.

UMRI MMOJA, MADARASA TOFAUTI

Nchi wanachama wa Jumuiya sasa ni nane, na hakuna mahali zinapotofautiana kielimu kama katika madarasa ya kati, yaani pale mtoto anapotoka msingi na kuelekea sekondari.

Chukua mtoto wa miaka 13. Nchini Kenya, akiwa hajachelewa, atakuwa Gredi ya 8, mwaka wa pili wa sekondari msingi. Tanzania atakuwa darasa la saba au kidato cha kwanza. Uganda hali ni hiyo hiyo, kwa kuwa nayo bado ina miaka saba ya msingi. Rwanda atakuwa tayari amemaliza miaka sita ya msingi na kuingia sekondari ya miaka mitatu ya mwanzo. Burundi bado atakuwa ndani ya shule ya msingi, kwa sababu tangu 2013 nchi hiyo ilirefusha elimu ya msingi hadi miaka tisa. Na katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo atakuwa mwaka wa saba au wa nane wa elimu ya msingi, akisoma kwa Kifaransa.

Kalenda nazo hazilingani. Kenya huanza mwaka wa masomo Januari na kuugawa katika mihula mitatu. Tanzania huanza Januari pia, lakini ina mihula miwili. Uganda hufungua karibu Februari. Rwanda, Burundi na Kongo huanza Septemba. Mzazi anayehama kutoka Rusumo kwenda Kigali mwezi Januari atamkuta mtoto wake akiingia katikati ya mwaka, baada ya hesabu ya wanafunzi kufungwa na walimu kupangwa.

Kwa mtoto wa darasa la pili, tofauti hizo huzibika kwa muda. Kwa mtoto wa umri wa kati ni ngumu zaidi, kwa sababu madarasa hayo ndiyo yenye mitihani inayoamua aende wapi baadaye.

KENYA: SHULE NDANI YA SHULE

Kenya ndiyo inayoonyesha wazi zaidi jinsi suala la walimu linavyoshikana na suala la idadi. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, umeondolewa hatua kwa hatua. Mahali pake umewekwa mfumo wa miaka miwili ya awali, sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi, mitatu ya sekondari ya juu na mitatu ya chuo.

Mpango wa awali ulikuwa kuweka Gredi ya 7, 8 na 9 kwenye shule za sekondari. Wazazi wengi walipinga watoto wa miaka 12 kupelekwa bwenini au mbali na nyumbani. Kamati ya rais kuhusu mageuzi ya elimu, iliyoongozwa na Profesa Raphael Munavu, ilipendekeza madarasa hayo yabaki kwenye shule za msingi. Kundi la kwanza likaingia Gredi ya 7 mapema 2023, kwenye majengo yale yale waliyosomea Gredi ya 6.

Uamuzi huo uliwapunguzia wazazi nauli na gharama za bweni. Lakini shule ya msingi haikuwa na maabara, na walimu wake walikuwa wamesomea kufundisha watoto wadogo. Ilibidi Tume ya Huduma za Walimu, TSC, itafute walimu waliosomea sekondari na kuwapeleka shule za msingi kote nchini kwa mwaka mmoja, kisha mwaka wa pili, kisha wa tatu, kadiri kundi la kwanza lilivyopanda.

Waliopelekwa wengi walikuwa walimu wanagenzi, yaani waliohitimu na kusajiliwa lakini wakaajiriwa kwa mkataba wa muda, wakilipwa Sh20,000 za Kenya kwa mwezi kabla ya makato. Walifanya kazi kamili ya mwalimu. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwaajiri walimu wenye sifa kamili kwa njia hiyo ni kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata, muhula wa pili ulipofunguliwa, walimu hao waligoma, na masomo ya sekondari msingi yalivurugika kwa wiki kadhaa. Januari 2025 walimu 46,000 waliingizwa kwenye ajira ya kudumu yenye pensheni. Mwanzoni mwa mwaka huo huo wanagenzi wengine 20,000 waliajiriwa.

Gredi ya 9 ilianza Januari 2025. Mwishoni mwa mwaka huo zaidi ya watahiniwa milioni moja walifanya mtihani wa kwanza wa kumaliza sekondari msingi, na Januari 2026 kundi hilo la kwanza likaingia Gredi ya 10. Maana yake shule sasa ina madarasa yote matatu kwa mara moja, na hakuna tena nafasi ya kusema walimu watakuja darasa linalofuata likifika.

HESABU YA VIPINDI

Upungufu wa walimu mara nyingi husemwa kwa lugha ya jumla. Ni afadhali kuupiga hesabu kama mizani ya sokoni.

Sekondari msingi ilianza na masomo mengi zaidi. Baada ya malalamiko, yalipunguzwa hadi tisa: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Elimu ya Dini, Sayansi Jumuishi, Elimu ya Jamii, Kilimo na Lishe, Sanaa Bunifu na Michezo, na masomo ya awali ya ufundi. Kwa wiki mwanafunzi ana vipindi 40, yaani vipindi vinane kwa siku tano.

Shule ndogo ya mpakani yenye mkondo mmoja kwa kila gredi ina madarasa matatu. Vipindi 40 mara madarasa matatu ni vipindi 120 kwa wiki. Mwalimu mmoja hawezi kufundisha zaidi ya vipindi 40, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyomo katika wiki nzima. Na akifanya hivyo hatakuwa na dakika ya kusahihisha daftari wala kuandaa somo. Shule ikiwa na walimu wawili wa sekondari msingi, hata wakifundisha bila kupumua watajaza vipindi 80. Vipindi 40 vilivyobaki, theluthi nzima ya wiki, watoto wamekaa peke yao au wanalindwa na mwalimu wa madarasa ya chini.

Shule ikiwa na walimu watatu, hesabu inakaa sawa kwenye karatasi tu. Bado kila mmoja atalazimika kufundisha masomo matatu, ilhali mwalimu wa sekondari nchini Kenya huwa amesomea masomo mawili. Mwalimu wa Kiswahili na Dini anajikuta anafundisha Sayansi Jumuishi. Mwalimu wa Hisabati na Fizikia anapewa Kilimo na Lishe. Ili kila somo lipate aliyelisomea, shule ya mkondo mmoja inahitaji walimu watano kwa uchache.

Pengo hilo huzibwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni walimu wa msingi wenye shahada na alama zinazotakiwa kupandishwa kufundisha Gredi ya 7 hadi 9, jambo linaloacha nafasi tupu madarasa ya chini. Ya pili ni walimu wa bodi, wanaoajiriwa na shule yenyewe na kulipwa kwa michango ya wazazi. Mfanyabiashara anayeambiwa alipe mchango wa mwalimu katika shule inayoitwa ya bure anapaswa kujua kwamba huko ndiko fedha yake inakokwenda.

Uongozi nao una mvutano. Sekondari msingi iko chini ya mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na walimu wengi wa sekondari msingi wamekuwa wakidai wajitegemee, wakisema wanaongozwa na watu ambao hawajawahi kufundisha ngazi hiyo. Wizara imeshikilia kwamba shule iwe moja, kuanzia awali hadi Gredi ya 9, chini ya mkuu mmoja. Kwa mzazi, jambo la kushika ni hili: anayeandikisha mtoto wa Gredi ya 7 na anayeomba mwalimu wa Gredi ya 7 ni mtu yule yule, ofisi ile ile.

NANI YUMO DARASANI

Shule za umma za mipakani hazina wanafunzi wa aina moja. Mipaka iliyochorwa na wakoloni ilipita katikati ya watu. Wamaasai wako pande zote za Namanga. Wakuria wako Isebania na Sirari. Waiteso na Wasamia wako pande zote za Busia na Malaba, Wadigo pande zote za Lunga Lunga na Horohoro. Kwa familia hizi shule ya ng'ambo inaweza kuwa karibu kuliko shule ya nchi yao.

Juu ya wenyeji hao wapo watoto wa wafanyabiashara waliokuja na biashara: waliopanga chumba karibu na soko, waliowaacha watoto kwa shangazi au bibi, madereva wa malori wenye familia katika mji wa mpakani. Idadi yao hupanda na kushuka. Msimu wa mahindi unapokuwa mzuri upande mmoja darasa hujaa. Sera ya forodha ikibadilika au bidhaa ikizuiwa, familia huhama na madawati hubaki wazi.

Umri nao huchanganyika. Mtoto aliyetoka darasa la sita la Tanzania akiwa hajui vizuri Kiingereza cha vitabu huenda akarudishwa gredi moja au mbili, akajikuta na miaka 15 katikati ya wenzake wa miaka 13. Umri huo ndio unaovutwa na soko. Mvulana mwenye nguvu hupata kibarua cha kusukuma mkokoteni au kubeba mzigo kwa njia za panya. Msichana huachiwa kibanda na wadogo zake siku mama anapokwenda kuchukua mali. Siku za gulio mahudhurio hushuka, na mwalimu mmoja mwenye madarasa matatu hana muda wa kufuatilia nani hakuja na kwa nini.

Lugha inawagawa wanafunzi hawa kwa namna ambayo mwalimu huiona siku ya kwanza. Aliyetoka shule ya umma ya Tanzania amefundishwa masomo yote kwa Kiswahili. Somo la Kiswahili atalimudu na pengine kuwapita wenzake, lakini Sayansi ya Kiingereza itamkwaza. Aliyetoka Uganda amezoea Kiingereza, ila anakuta Kiswahili ni somo la lazima na la mtihani. Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, lakini watoto wengi wa madarasa ya kati wa leo walianza shule kabla ya uamuzi huo. Aliyetoka Goma au Bukavu anaongea Kiswahili nyumbani, amesoma kwa Kifaransa, na sasa anadaiwa mtihani wa Kiingereza. Darasa la namna hii linahitaji walimu wengi kuliko darasa la kawaida lenye idadi ile ile. Kanuni za kugawa walimu hazilitazami hilo. Zinatazama vichwa na mikondo.

FEDHA HUFUATA NAMBA

Nchini Kenya serikali hupanga Sh15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi wa umma. Kiwango cha mwanafunzi wa msingi ni Sh1,420. Fedha hutolewa kwa awamu za mihula, nusu katika muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili na 20 wa tatu. Walimu wakuu wamelalamika mara nyingi kwamba huchelewa au hufika pungufu.

Ili mtoto ahesabiwe, jina lake huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa taarifa za elimu na hupewa namba yake. Mfumo huo ulijengwa juu ya namba ya cheti cha kuzaliwa. Mtoto asiye na cheti, au mwenye cheti cha nchi nyingine, ndiye anayekwama. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na mwalimu mkuu mwenye huruma humpokea. Lakini kumpokea mtoto na kumhesabu ni mambo mawili.

Shule yenye wanafunzi 30 wa aina hiyo katika Gredi ya 7 hadi 9 inakosa, kwa hesabu ya kiwango kilichopangwa, Sh451,260 kwa mwaka. Fedha hizo zingenunua vifaa vya maabara, vitabu vya ziada na chaki. Kwa kulinganisha, posho ya mwanagenzi mmoja kwa mwaka mzima ni Sh240,000.

Kwa upande wa walimu, mnyororo ni huu: idadi ya wanafunzi huamua mikondo, mikondo huamua vipindi, na vipindi huamua walimu wanaostahili. Shule yenye wanafunzi 45 kwenye mfumo na 75 darasani itahesabiwa kuwa na mkondo mmoja. Watu wa ofisini hawadanganyi wakisema shule hiyo haina haki ya mkondo wa pili. Wanasoma kilichoandikwa.

Kuna pia alama. Nafasi ya mtoto katika sekondari ya juu ya Kenya hupangwa kwa mafungu matatu: asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wa Gredi ya 9. Anayeingia Gredi ya 8 akitoka nchi jirani hana fungu la kwanza, na la pili analo nusu. Mzazi anayesubiri hadi wiki ya usajili wa mtihani ndipo aulize, amechelewa.

TANZANIA NA UGANDA: MZIGO WAKE

Upande wa Tanzania elimu ya umma haina ada tangu 2016, na serikali hutenga Sh10,000 za Tanzania kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na Sh25,000 kwa wa sekondari. Huko nako fedha hufuata idadi, na uhamisho wa mwanafunzi wa msingi hupitia mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani, ambako kila mtoto ana namba. Pengo la walimu huzibwa na walimu wa kujitolea, wanaopewa posho kwa michango ya wazazi na wadau.

Mwaka wa kuangalia ni 2028. Sera ya elimu iliyofanyiwa maboresho mwaka 2023 inapunguza msingi kutoka miaka saba hadi sita na kufanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi. Mwishoni mwa 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mwisho watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yatagonga mlango wa kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Mzazi anayepanga kumrudisha mtoto Tanzania mwaka huo asubiri msongamano, na aandikishe mapema.

Uganda ilifungua elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997 na ya sekondari mwaka 2007. Tatizo lake la walimu lina sura nyingine. Tangu Julai 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada katika sekondari ya serikali analipwa Sh4 milioni za Uganda kwa mwezi, huku mwenzake wa masomo ya sanaa akipata kiasi kidogo sana kuliko hicho. Walimu wa sanaa waligoma mwaka 2022 na tena Juni 2025. Mtoto anaweza kuwa na mwalimu wa Fizikia anayefika kila siku na mwalimu wa Historia aliye kwenye mgomo. Rwanda nayo iliongeza mishahara Agosti 2022, kwa asilimia 88 kwa walimu wa msingi na asilimia 40 kwa wa sekondari.

Katika mpaka wa Kenya na Somalia, mwanachama mpya wa Jumuiya tangu 2024, tatizo ni usalama. Walimu kutoka maeneo mengine ya Kenya waliuawa katika shambulio la basi la Mandera mwaka 2014, na wengine watatu waliuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa, na shule zikabaki na wanafunzi bila wafundishaji.

Ukitazama ramani yote, linaonekana jambo la ajabu. Pande zote za mipaka hii wapo wahitimu wa ualimu wasio na ajira. Mkataba wa Soko la Pamoja, ulioanza kutumika Julai 2010, unazitaka nchi zitambuane vyeti vya elimu na taaluma. Wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo walishasaini makubaliano ya kutambuana. Walimu hawamo. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Jumuiya kuwa eneo moja la elimu ya juu. Mwanafunzi wa chuo kikuu alipata tangazo lake. Wa miaka 13 bado anategemea wema wa mwalimu mkuu.

KARATASI ZA KUBEBA

Mengi ya hayo ni ya serikali kurekebisha. Lakini yapo ambayo mzazi anaweza kuyamaliza kabla ya kupakia mzigo.

La kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Kenya hutaka uzazi uandikishwe ndani ya miezi sita, Tanzania ndani ya siku 90. Ukipita muda huo bado inawezekana, kwa ushahidi zaidi na safari zaidi. Anayezalia upande wa pili aondoke hospitali na taarifa ya uzazi, na aiandikishe kule kule mtoto alikozaliwa.

La pili ni barua ya uhamisho yenye muhuri, pamoja na taarifa za maendeleo za miaka miwili ya mwisho. Kwa mtoto wa Tanzania iwemo namba yake ya Baraza la Mitihani. Kwa wa Kenya iwemo namba yake ya tathmini.

La tatu ni ulinganifu. Mabaraza ya mitihani ya Kenya, Tanzania na Uganda hulinganisha matokeo ya nchi nyingine. Ni kazi ya wiki, si ya siku moja, na mzazi aianze mtoto akiwa bado hajafika darasa la mtihani.

La nne ni pasi ya mwanafunzi. Kanuni za Soko la Pamoja zinamtambua mwanafunzi raia wa nchi mwanachama anayesoma nchi nyingine, na zinaagiza apewe pasi. Ofisi ya uhamiaji iko hatua chache kutoka pale mfanyabiashara anapogonga muhuri wa mzigo wake. Katika vituo vya pamoja vya mpakani kama Namanga na Busia, vilivyozinduliwa 2018, maofisa wa nchi zote mbili wako chini ya paa moja.

La tano ni kuuliza swali moja shuleni baada ya mwezi wa kwanza: jina la mtoto limeingia kwenye mfumo, na namba yake ni ipi? Mwalimu mkuu akisema bado, aulizwe kinachokosekana. Wazazi kumi wakiuliza swali hilo kwenye mkutano mmoja, mwalimu mkuu anapata orodha ya kupeleka ofisi ya elimu ya wilaya au kaunti, na orodha ndiyo lugha ambayo ofisi inaijibu.

Vyama vya wafanyabiashara wa mipakani vina nguvu ambayo mzazi mmoja hana. Vimewahi kukaa meza moja na forodha, uhamiaji na polisi kudai foleni zipungue na orodha ya bidhaa irefushwe. Vinaweza kukaa na maofisa elimu wa pande mbili kwa namna ile ile, vikiwa na ombi lililo wazi: shule za mipakani zihesabu kila mtoto aliye darasani, awe na cheti cha nchi gani, na walimu wapangwe kwa hesabu hiyo. Mpaka hapo itakapokuwa hivyo, mtoto anayeandikishwa leo ni sababu ya mwalimu kuletwa mwakani, kwa faida yake na ya jirani yake wa dawati.